Nyumba hii ni ya nani? Shajara ya kusoma riwaya za Gothiki Iringa

25 Mei 2024: Kuanza

Ninaandika shajara hii ili mtu wa Njombe, Makambako au Tukuyu akitaka kuanzisha kikundi cha kusoma kama chetu, asirudie kulipa tulicholipa sisi. Nafundisha Kiswahili na fasihi sekondari. Kwa miaka mingi nimebeba swali moja: kwa nini riwaya za kutisha ziitwazo za Gothiki, zilizoanza Uingereza zaidi ya miaka 250 iliyopita, zinamkamata msomaji wa Kihesa, hapa Iringa, ambaye hajawahi kuona ngome yenye minara? Nikiwapa wanafunzi hadithi yenye nyumba kubwa, mlango uliofungwa na mwenye nyumba asiyependa kuulizwa, hakuna anayesinzia. Nataka kujua kinachowashika ni nini.

Tuko 14. Kuna nesi, fundi seremala, mama mjane anayeshona nguo sokoni, mwalimu mstaafu ambaye wote tunamwita Babu, vijana wanne waliomaliza kidato cha sita, na wengine wa biashara na ofisi. Tunakutana Jumamosi saa tisa alasiri katika darasa la chekechea, kodi shilingi 10,000 kwa kikao. Mchango ni shilingi 3,000 kwa mtu kwa mwezi. Vitabu vyenyewe ni bure, maana haki miliki za kazi za karne ya 18 na 19 zimekwisha na mtu anaweza kuvipakua. Fedha inakwenda kwenye kopi, shilingi 100 kwa ukurasa. Tunasoma kwa Kiingereza polepole na kujadili kwa Kiswahili.

8 Juni: Mhadhara ulioua kikao

Nilijiandaa kama ninavyojiandaa darasani. Niliwaeleza Wagothi walikuwa nani, watu wa asili ya Kijerumani walioiteka Roma mwaka 410. Nikaeleza jinsi Waitalia wa karne za baadaye walivyoligeuza jina hilo kuwa tusi kwa majengo ya zamani yenye matao yaliyochongoka. Kisha nikafika kwa Horace Walpole, mtoto wa waziri mkuu, aliyeijenga nyumba yake ya Strawberry Hill, karibu na London, kwa mtindo huo uliodharauliwa. Mwishoni mwa 1764 alitoa *The Castle of Otranto* akidai ni tafsiri ya hadithi kongwe ya Kiitalia. Katika toleo la pili, 1765, akakiri kuwa kaitunga mwenyewe, na akaiita hadithi ya Gothiki. Jina likabaki.

Hayo ni kweli na yanafaa kujulikana. Kosa langu ni lililofuata. Niliandika ubaoni orodha ya sifa: ngome, usiku, tufani, mzimu, msichana anayekimbizwa, siri ya ukoo. Watu wakanakili kwenye madaftari kama wanaojiandaa kwa mtihani. Saa moja na nusu, na hakuna aliyeuliza swali hata moja.

22 Juni: Watu sita

Wamekuja sita. Kodi ya chumba ni ile ile.

Safari hii sikugusa ubao. Nilisoma ukurasa mmoja wa *Otranto*: ni siku ya harusi, na bwana harusi kijana, Conrad, anakutwa uani amepondwa na kofia ya chuma kubwa mara mia kuliko kofia ya binadamu. Hakuna aliyeona ilikoanguka. Nikaweka karatasi chini nikauliza, "Nyumba hii ni ya nani?"

Fundi seremala akajibu kuwa ni ya Manfred, baba wa marehemu. Mshonaji akamuuliza kama ana hakika. Basi tukaruka mbele hadi siri inapotoka: babu yake Manfred, Ricardo, alikuwa mtumishi wa Alfonso, akamuua bwana wake kwa sumu, akaghushi wosia, akarithi. Manfred amezaliwa ndani ya nyumba iliyoibwa. Babu, ambaye alikuwa kimya tangu kikao kianze, akasema kwa sauti ya kanisani, "Nawapatiliza wana maovu ya baba zao, hata kizazi cha tatu na cha nne." Ni Kutoka 20. Nikafungua dibaji nikawaonyesha: Walpole ameutaja mstari huo huo kuwa ndilo funzo la hadithi. Babu hakuwa ameisoma dibaji ile.

Tulikaa mpaka giza linaingia. Kwa anayetaka kuiga, aanze na hili: orodha ya sifa humwambia mtu vitu vilivyomo ndani ya nyumba, bali haimwambii nyumba ina deni gani. Sasa kila kitabu tunakifungua kwa swali la mwenye nyumba, na sifa watu wanaziokota wenyewe njiani.

6 Julai: Jiko la mkaa

Wamerudi, leo tulikuwa 12. Baridi ya Julai hapa Iringa haihitaji maelezo. Tulifunga madirisha yote, tukaingiza majiko mawili ya mkaa, tukaanza *The Mysteries of Udolpho* ya Ann Radcliffe, ya mwaka 1794. Tulikuwa pale Emily, yatima aliyefungiwa katika ngome ya milimani ya mume wa shangazi yake, anapokaribia pazia jeusi lililofunika kitu ukutani. Anainua pazia, anaona, anazimia, na mwandishi hasemi ameona nini.

Baada ya kama saa moja kijana mmoja akasema kichwa kinamgonga. Mwingine akasema anasikia mtu anatembea nje. Dada mmoja akasimama, akayumba, akakaa chini sakafuni. Mtu akasema kwa sauti kwamba kitabu kile kina pepo, tukifunge. Na mimi, nakiri hapa kwa sababu shajara ni ya ukweli, nilihisi nywele zinanisimama na sikujua la kufanya.

Nesi ndiye aliyejua. Alipiga kelele tufungue mlango na madirisha, akatutoa wote nje, akayabeba majiko mwenyewe. Mkaa ukiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na gesi hiyo hukaa kwenye damu mahali pa oksijeni. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, na kuchanganyikiwa. Mtu akipitiwa na usingizi humo anaweza asiamke. Dada yule alikaa kwenye hewa safi, kisha nesi akampeleka zahanati kwa bodaboda, amepona. Nauli na dawa, shilingi 14,000, tumelipa kutoka mfukoni mwangu, si kwenye mfuko wa kikundi.

Baadaye nilisoma kwamba mwaka 1921 daktari wa macho wa Marekani, William Wilmer, alichapisha habari za familia iliyohamia nyumba kuukuu ikaanza kusikia nyayo na kuona watu wasiokuwepo. Tanuri la kupashia nyumba moto lilikuwa bovu, likivuja gesi hiyo hiyo.

Sheria mpya: jiko haliingii ndani. Kila mtu na blanketi lake. Tumenunua chupa kubwa ya chai, shilingi 25,000, na chai ya tangawizi inapikwa kwa mama wa jirani.

13 Julai: Pazia na shamba

Radcliffe ana desturi moja ambayo jiko letu lilitufundisha kabla ya kitabu: miujiza yake karibu yote hupata maelezo ya kawaida mwishoni. Kilicho nyuma ya pazia jeusi, tunakuja kuambiwa mamia ya kurasa baadaye, ni sanamu ya nta. Vijana walikasirika. Babu akawakumbusha *Mzimu wa Watu wa Kale* ya Muhammed Said Abdulla, ya 1960: maiti inaonekana mahali panapoogopwa na watu wote, na Bwana Msa, na kiko chake, hatafuti mzimu bali mkono wa binadamu. Wote waliokisoma shuleni wakanyamaza kwanza, kisha wakaanza kuzungumza pamoja.

Radcliffe pia aliandika makala, iliyochapishwa 1826, miaka mitatu baada ya kifo chake, akitenganisha aina mbili za kuogopa. Moja hupanua roho na kuziamsha akili. Nyingine huikunja na kuigandisha. Kiingereza kina neno kwa kila moja. Sisi tulibishana. Nesi ndiye aliyetufungulia njia. Alisema mgonjwa anayesubiri majibu ya vipimo, macho yake yako mlangoni, kila hatua ya daktari anaisikia. Mgonjwa aliyejitazama jeraha lake hasikii tena hata akiitwa jina. Ya kwanza tumeiita hofu, ya pili kiwewe. Radcliffe anafanya kazi ya hofu. Matthew Lewis, aliyetoa *The Monk* mwaka 1796, anafanya kazi ya kiwewe, na baada ya kurasa chache tulikubaliana kumwacha.

Lakini jambo la siku lilitoka kwa mshonaji. Tulikuwa tukizungumzia ngome, giza, korido. Akasema, "Mwalimu, mbona mnaliruka? Huyu Montoni anataka saini."

Ni kweli kabisa, na mimi nimekisoma kitabu hiki mara mbili nikiliona hilo kama jambo la pembeni. Montoni amemwoa shangazi yake Emily kwa ajili ya mali. Shangazi anakataa kusaini mashamba yake ya Ufaransa yaende kwa mume. Anafungiwa mnarani, anaugua, anakufa hajasaini. Kisha zamu ya kubanwa ni ya Emily. Vitisho vyote vya ngome ile, kelele, taa zinazozimika, mlango wa chumba usiokuwa na komeo ndani, vinazunguka karatasi moja. Mshonaji hakutueleza zaidi, na hatukumuuliza. Wengi hapa tunajua jinsi ndugu wa mume wanavyoweza kuja na karatasi kabla ya arobaini. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinampa mwanamke haki ya kumiliki ardhi sawa na mwanamume, lakini sheria iko mjini na usiku uko kijijini.

Siku zile Udolpho ilitoka kwa juzuu nne, ghali, na wasomaji wengi, wanawake wengi miongoni mwao, waliikodi kwenye maktaba za kuazimisha. Nikiwatazama watu wangu wakipokezana kopi zilizochakaa, naona waliokuwa wakikodi juzuu zile hawakuwa wakitafuta mizimu peke yake. Walijua kuhusu saini.

20 Julai: Kalenga

Safari yetu ya kwanza nje ya chumba. Nauli na kiingilio, jumla shilingi 58,000. Jana ilikuwa miaka 126 tangu Mtwa Mkwawa, mtawala wa Wahehe, ajipige risasi, 19 Julai 1898, ili asikamatwe na Wajerumani waliokuwa wameivunja ngome yake ya Kalenga mwaka 1894. Kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, kifungu cha 246, uliagiza fuvu lirudishwe. Lilirudi 1954, mikononi mwa Gavana Edward Twining, akalikabidhi kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa. Liko pale makumbusho, ndani ya kioo.

Nilikuwa nimeandaa karatasi yenye kichwa cha habari "Gothiki yetu". Nilitaka tulinganishe fuvu na kofia ya Otranto: kitu cha marehemu kinachorudi kudai haki. Nilidhani ndicho kilele cha mradi.

Babu alinisimamisha nje, chini ya mti, kabla sijagawa. "Mwalimu, ile kofia mtu aliitunga. Huyu ni mzee wetu. Usimfanye mhusika."

Nilizirudisha karatasi kwenye mkoba. Nimelifikiria jambo hili tangu tuliporudi na naona Babu alikuwa sahihi, si kwa heshima tu. Katika riwaya, mfu anajirudisha mwenyewe, kwa sababu hakuna mahakama wala ndugu wa kumsaidia. Mkwawa hakurudi hivyo. Walio hai walimdai, na kati ya kifungu kile na kurudi kwake ilipita miaka 35. Kumwita mzimu ni kufuta kazi ya waliodai.

Kopi za karatasi ile, shilingi 3,600, ni hasara. Naiandika hapa kwa sababu mtu wa Mbeya au Songea naye ana kumbukumbu kama hiyo karibu naye na atapata kishawishi kile kile.

10 Agosti: Kosa kubwa kuliko yote

Tarehe 27 Julai nilifungua kikao nilichokiita "hadithi za kwetu". Nilitaka watu wasimulie yaliyowahi kuwatisha. Zilitoka za ukungu wa Mufindi, za mtu aitwaye jina lake usiku mara moja tu, za nyumba isiyokaa mpangaji. Nilifurahi mno. Kisha kijana mmoja akasimulia habari za bibi kizee anayeishi peke yake mtaani kwao, aliyezika watoto wawili, na mambo ambayo watu "wanayaona" kwake usiku. Hakumtaja jina. Hakukuwa na haja; watatu kati yetu wanaishi mtaa ule. Sikumkatisha. Nilikuwa nikiandika kwa kasi, nikiona msuko ulivyo mzuri.

Jumatano iliyofuata nesi alinipigia simu. Watoto wameshakatazwa kupita mbele ya mlango wa bibi yule. Mtu ametupa jiwe juu ya bati lake.

Katika nchi hii vikongwe wameuawa kwa sababu ya macho mekundu, macho yaliyowekwa wekundu na moshi wa kuni wa miaka hamsini jikoni. Watu wa Nyanda za Juu Kusini tunayajua yetu pia. Nami mwalimu nilikuwa nimeketi nikiandika.

Tulikwenda kwake siku ile ile: mimi, kijana, mama yake mzazi na mjumbe wa mtaa. Bibi alitukaribisha, akatupa vigoda. Kijana akapiga magoti akaomba radhi. Bibi akamsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Hukunisemea mimi hapa. Ulinisemea huko. Nenda ukaseme huko." Basi akaenda nyumba kwa nyumba na mjumbe, na leo amesimama mbele ya kikundi akasema kwamba alichosimulia alikisikia tu, hajawahi kuona chochote. Mimi nikasimama baada yake, kwa sababu kikao kilikuwa changu.

Gharama ya fedha hakuna. Wazazi wawili wamewatoa vijana wao kikundini. Mjumbe anapita kwa bibi kila jioni. Mawe yamekoma. Bibi anaitikia shikamoo yangu; ya kijana yule, bado.

Sheria, imeandikwa ukurasa wa kwanza wa daftari la kikundi: hakuna hadithi ya mtu aliye hai, hakuna mtaa unaotambulika, hakuna nyumba ambayo mtu anaweza kuinyooshea kidole. Anayeongoza kikao ana wajibu wa kumkatisha msimulizi, hata kama hadithi ni tamu. Hasa kama ni tamu.

31 Agosti: Justine

Tumeingia kwenye *Frankenstein* ya Mary Shelley, habari za Victor Frankenstein anayeumba kiumbe hai, kisha akakikimbia. Chanzo chake ni rahisi kueleza hapa kuliko nilivyotegemea. Aprili 1815 mlima Tambora, Indonesia, ulilipuka, na vumbi lake likaziba jua. Mwaka uliofuata Ulaya ilikosa kiangazi. Wanaotoka Rungwe, waliokulia chini ya volkano, hawakuhitaji picha. Juni 1816, karibu na Geneva, mvua na baridi viliwafungia ndani washairi Byron na Percy Shelley, daktari Polidori na Mary aliyekuwa na miaka 18, wakashindana kutunga hadithi za kutisha. Mzungu husoma habari ya Juni yenye baridi akaona dunia imepinduka. Kwetu Juni ni hivyo kila mwaka, na kukaa ndani na kusimulia ni kazi yake. Kitabu kilitoka 1818, bila jina la mwandishi.

Niliruka maabara kwa makusudi, nikaenda moja kwa moja sura ya nane. Mtoto William ameuawa. Picha ndogo aliyokuwa amevaa shingoni inakutwa mfukoni mwa Justine, mtumishi wa nyumba. Hana hatia; aliyeua ni kiumbe, na ndiye aliyemwekea picha ile. Justine anakiri. Akiulizwa kwa nini, anasema alikiri, lakini alikiri uongo: padri alimtisha na moto wa jehanamu mpaka yeye mwenyewe akaanza kudhani huenda ni yule mnyama anayesemwa. Ananyongwa. Victor Frankenstein ana hakika ni nani muuaji, na ananyamaza.

Yule kijana aliomba asome yeye. Alisoma kurasa zote za Justine bila kukosea, akarudi kukaa.

14 Septemba

Kikao chepesi. Sura za mwanzo za *Dracula* ya Bram Stoker, 1897. Riwaya nzima imeundwa kwa shajara, barua na telegramu, na watatu wameanza shajara zao. Nikawasomea kutoka mbele ile kanuni kwamba yule mwovu, Dracula mnyonya damu, haingii nyumba kwa mara ya kwanza mpaka mtu wa ndani amkaribishe. Hakuna aliyetaka maelezo. Kila mmoja amefundishwa na bibi yake kwamba hodi ya usiku haijibiwi "karibu" kabla ya "nani?"

28 Septemba: Tafsiri, jaribio la kwanza

Tumeamua kutafsiri mwanzo wa sura ya tano ya Frankenstein, kurasa chache tu, kwa ajili ya wasiosoma Kiingereza. Makundi matatu, rasimu tatu, makosa ya kila aina. Nayaandika yote.

Saa. Kiumbe kinafumbua jicho saa ambayo saa ya Kizungu inaonyesha moja baada ya usiku wa manane. Rasimu mbili ziliandika "saa moja asubuhi". Kwa saa ya Kiswahili hapo jua limetoka na watoto wako njiani kwenda shule. Ni saa saba usiku. Kosa dogo, na lingeua ukurasa wote.

Mvua. Katika kitabu mvua inagonga vioo vya dirisha taratibu, kwa huzuni. Kundi moja liliiweka juu ya bati. Sisi mvua tunaisikia kwenye bati, lakini mvua ya bati ni ngurumo, mtu hawezi kuisikia na bado akasikia pumzi ya kiumbe. Tumerudisha vioo, na kitenzi tulichochagua ni "kudondoka".

Novemba. Hili lilituchukua wiki mbili. Mwandishi anasema ni usiku wa Novemba, na kwa msomaji wake neno hilo peke yake linaleta giza na majani makavu. Kwetu Novemba tunatazama mawingu tukiomba mvua. Watu wanaandaa mashamba. Ni mwezi wa matumaini. Kundi moja lilibadilisha kuwa Julai. Nilishawishika, kisha nikakataa: mji wa Ingolstadt, Ujerumani, anakofanyia kazi Victor, ubaki na miezi yake. Tumeiacha Novemba, tukaongeza maneno mawili, "usiku wa Novemba ya kwao", na kazi ya huzuni tumeiachia mshumaa unaokwisha.

26 Oktoba: Kiumbe

Tumwiteje? "Zimwi" lilikataliwa mapema: mtoto akisikia zimwi anajua litauawa kabla ya kulala. "Jitu" vilevile. Vijana walipendekeza "msukule". Mjadala ulikuwa mkali, mpaka mshonaji akasema msukule ni mtu aliyeibwa, ana mama aliyemlilia. Huyu hana aliyewahi kumlilia. Tukanyamaza.

"Kiumbe" ndilo neno, na naona limezidi hata la Kiingereza, kwa sababu ndani yake kitenzi kuumba kinasikika wazi. Kila likitajwa, aliyeumba anatajwa naye.

Ugumu ukaja kwenye upatanisho wa kisarufi. Mary Shelley, jicho linapofumbuka, anatumia kiwakilishi cha kitu. Sentensi chache mbele anatumia cha mtu. Victor mwenyewe hajui amefanya kitu au mtu, na lugha yake inayumba. Kiswahili kinaweza kufanya hivyo? "Viungo vyake" haitusaidii, maana "-ake" ni ile ile kwa mtu na kwa kitu. Kinachobaki ni kiambishi cha kitenzi: "kikavuta pumzi" au "akavuta pumzi".

Babu alikataa katakata. Kiumbe kina uhai, hivyo ni "kiumbe alivuta", kama "kiongozi amefika" na "kijana amekuja". "Kikavuta" ni kosa ambalo alilisahihisha kwa wino mwekundu kwa miaka 34. Nilimwambia ndiyo maana nalitaka: Victor ndiye anayekosea, kosa ni lake, anamnyima kiumbe wake hata kiambishi cha uhai. Babu akasema msomaji atadhani mfasiri hajui sarufi. Hoja ya kweli. Tulijaribu kwa watu watano wasio wa kikundi, tukawasomea kwa sauti. Watatu walishtuka penye "kikavuta", mmoja akauliza, "Mbona anamwita kama kikombe?" Tukajua inafanya kazi.

Tulichokubaliana, kwa kura, Babu akipinga:

*Saa saba ya usiku ilikwisha kugonga. Mvua ilidondoka kwa unyonge juu ya vioo, na mshumaa wangu ulikuwa karibu kwisha, ndipo kwa nuru ile iliyokuwa ikififia nikaliona jicho la kiumbe, la manjano, lisilo na mng'ao, likifumbuka. Kikavuta pumzi kwa nguvu, na mtetemeko ukavitikisa viungo vyake.*

Na ukurasa wa pili, Victor akiwa amekimbilia kitandani:

*Akainua pazia la kitanda, na macho yake, kama yanastahili kuitwa macho, yakanikazia.*

Kutoka "kikavuta" hadi "akainua". Maelezo ya Babu ya kupinga tumeyachapa yote chini ya tafsiri, kwa jina aliloomba, "Mwalimu mstaafu".

16 Novemba: Hesabu na tulipofika

Kodi ya vikao 14, shilingi 140,000. Kopi, pamoja na zile zilizoharibika, 163,000. Kalenga 58,000. Chupa ya chai 25,000. Nakala 30 za tafsiri, kurasa 12 kila moja, 36,000, na kuzibana 15,000. Jumla 437,000. Michango haikutosha. Iliyobaki nimetoa mimi. Ningeanza upya, ningeokoa kopi za Lewis na za mhadhara wa kwanza, na nisingepunguza Kalenga.

Tuko 11. Hatua inayofuata ni sura ya 11 hadi ya 16, ambako kiumbe anasimulia mwenyewe. Huko "ki-" haiwezi kuingia; yote ni "mimi", na Babu amesema atatafsiri ya kwanza.

Leo mshonaji alikuwa akiwasomea wageni saba waliokuja kuchukua nakala. Alifika penye mshumaa, mvua ya kwanza ya msimu ikashuka juu ya bati, hatukusikiana tena. Alingoja kidogo, akakunja karatasi. Watu walikwisha kusimama mlangoni, wakitazama uwanja ukilowa na kuulizana nani amepata mbegu. Tutaendelea Jumamosi ijayo, tukianzia hapo hapo kwenye mshumaa.